Kichwa Kilichosukwa kwa Hadithi

Mama Vidole, msusi wa kile chumba cha nyuma ya duka la dawa, alikuwa na ugonjwa ambao dukani humo haukuwa na dawa: hadithi ikimkolea, anasuka mistari midogo midogo. Hakusudii, masikini. Hadithi ikiwa ya hivi hivi tu, mistari hutoka minene kama kamba ya ndoo. Ikinoga, inakonda. Ikifika pale pa kushika roho, basi ni nyuzi tupu, na mteja anazeekea kitini.

Ugonjwa wenyewe aliufuata kwa miguu yake. Watoto hawatulii kusukwa. Ukigusa utosi tu, kichwa kinazunguka kama feni. Siku moja akampa mmoja wao kitabu cha picha. "Hebu nisomee, mikono yangu ina kazi." Kichwa kikatulia tuli! Tangu hapo rafu ya mafuta ya nywele ikajaa vitabu vya watoto, na hakuna kitabu humo kisichonukia nazi.

Sasa, Jumapili moja kitini alikaa Chiriku, ambaye mama yake ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Kesho yake darasa lao lilikuwa linapigwa picha, na kesho hiyo hiyo kitabu alichokishika kilitakiwa kirudi maktaba ya shule. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi tena. Kitabu kilihusu bibi mmoja aliyeibiwa meno na mwezi, akapanda kamba ya kuanikia nguo kwenda kuyadai.

"'Kamba ikakatika!'" alisoma Chiriku.

"Mungu wangu! Na bibi yuko wapi?"

"Ananing'inia kwenye soksi."

"Soksi ya nani?"

"Mama Vidole, si ungoje nigeuze ukurasa!"

"Geuza basi, mwanangu, unanitesa!"

Muuza dawa wa lile duka, aliyekuwa akingoja zamu yake na kitana kimechomekwa kichwani, akachungulia.

"Shoga, kushoto umesuka kamba, kulia utando wa buibui. Huyu mtoto ana vichwa viwili?"

Mama Vidole akatazama kioo. Lo! Papo hapo fundi cherehani akaingia, futi ya kupimia shingoni.

"Tangu asubuhi! Nywele mnazisuka au mnazipanda?" Akamwona mwanawe kwenye kioo, akashika kiuno. "Na picha ni kesho! Lete hicho kitabu. Hakuna kusoma. Suka!"

Kitabu kilipoondoka, feni ikawaka. Chiriku akageuka huku, akageuka kule. Na vidole vya Mama Vidole vikagoma kabisa. Yeye yuko pale, lakini roho yake inaning'inia kwenye soksi.

"Haya, haya!" fundi akasalimu amri. "Nitasoma mimi, chapuchapu, mmalize."

Akaanza kama anayesoma maelezo ya dawa ya minyoo. Ukurasa wa pili, mwezi ukapata sauti nzito. Wa tatu, fundi alikuwa juu ya kigoda, mikono hewani.

"'Nani kakuita kwangu, kibogoyo wee!'"

"Mama! Hiyo sauti ulikuwa umeificha wapi?" Chiriku akauliza.

"Nyamaza, mwezi unaongea!"

Na mwezi ukaongea mpaka ukalia: bila meno mwezi utachekaje, na usipocheka nani atamulika njia? Bibi akanuna, akafikiri, akacheka kwa ufizi. Wakakubaliana kuazimana meno. Siku bibi akitaka kutafuna karanga, mwezi unafumba mdomo, giza linaingia, na huku chini inasikika kra, kra, kra.

Chumba kizima kilipiga makofi. Halafu kikatazama kichwa cha Chiriku: upande wa kulia ulikuwa umekwisha, mwembamba kama uzi wa cherehani, na wa kushoto ulikuwa kamba zile zile. Mama Vidole akasubiri kuchambwa.

Fundi akazunguka kiti. Akapitisha kidole kulia, akapitisha kushoto.

"Fumua huu."

"Wote?"

"Wote. Usuke kama ule." Akavuta kigoda, akaketi. "Na wewe Chiriku, anza upya. Pale pa soksi mimi sikuwepo."

Mama Vidole alishika kitana upesi, asije mtu akabadili mawazo.

"Jamani, na zamu yangu?" akalalamika muuza dawa.

"Wewe," fundi akamwambia, "utakuwa bibi."

Muuza dawa akaingiza midomo ndani mpaka meno yote yakapotea, akasogeza kiti.