Ejok ya Kalamu

Juzi posta ya Lodwar nilikuwa mbele kwa foleni, kama kawaida yangu. Kando yangu mama muuza vikapu alileta bahasha arobaini za orodha ya bei, ziende kwa mahoteli kwa ada nafuu ya makaratasi yaliyochapwa. Mfuko wa barua ulikuwa unafungwa saa sita.

Karani akachomoa karatasi moja, akaweka kidole juu ya neno. "Mama, hii 'Ejok' umeandika kwa kalamu?"

"Si nawasalimia tu kwa Kiturkana?"

"Salamu iliyoandikwa kwa mkono inafanya iwe barua. Lipa ada ya barua, ama futa zote."

"Futa, mama," nikamshauri. Shule niliacha darasa la sita, lakini mambo ya ofisi nawashinda wenye digrii.

Akaniangalia juu mpaka chini. "Kwenu mnataja bei kabla ya kusalimia mtu?"

Akakimbia saiba ya jirani, kwa kompyuta, kuchapisha upya. Saa sita kasoro akarudi na karatasi mpya, "EJOK" imechapwa juu kabisa. Karani akaisoma, akagonga mhuri, akaijibu salamu kwa sauti: "Ejok nooi!"

"Hiyo ya mdomo nayo inalipiwa?" mama akauliza.

Foleni nzima ikacheka. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi, tangu niingie, sikuwa nimesalimia mtu.