Wageni Waliokuja Kukanda

"Mzungu akionja mahamri yangu mara moja, kwao harudi tena!"

Hikma aliyasema hayo kwa kipaza sauti, kwenye harusi ya binamu yake hapo Pumwani. Wanawake wakapiga vigelegele, maana pilau ilikuwa haijaletwa na hawakuwa na kazi nyingine.

Keynan, kijana wa Majengo anayetembeza watalii mitaani, alikuwa mlangoni akiisubiri pilau hiyohiyo. Akasikia. Akamwahidi wageni kila Jumamosi, waje wajionee chakula cha Eastlands. Hikma hakuuliza mengi. Tangu kituo cha magari kilichokuwa mbele ya meza yake ya kuuzia kihamishwe, mahamri yalikuwa yakirudi nyumbani kama watoto waliofukuzwa shule kwa sababu ya karo. Jumamosi za Keynan zikishika, ataendelea kupika. Zisiposhika, atafunga jiko aende kufulia watu nguo.

Basi akafanya anavyofanya yeyote anayetarajia wageni. Akaumua unga mapema, akasukuma, akakata, akakaanga. Wageni wanne walipovua viatu mlangoni, mkeka ulikuwa umetandikwa, mahamri yamefura kwenye sinia, mbaazi za nazi kando, na karai limeshaoshwa.

Wageni walikuwa wamekunja mikono ya mashati. Wakatazama sinia. Wakamtazama Keynan. Keynan akatazama karai.

"Mama Zubair, kwani umepika?"

"Sasa ulitaka niwape hewa?"

"Unga uko wapi?"

"Umo ndani ya mahamri, mwanangu. Wewe ni mzima?"

Keynan akamvuta uani. "Hawa wamekuja kukanda wenyewe. Kukanda, kusukuma, kukaanga, wapigwe picha wakiwa na unga puani. Hicho ndicho walichofuata."

Hikma alimkodolea macho. Hata mke wa mwanawe Zubair, alipoletwa nyumba hii, hakugusa mwiko mpaka fungate ikaisha. "Mtu apande ndege, aje kwangu, nimtie jikoni? Majirani watanionaje?"

"Ukikataa ni sawa tu. Wanza, yule mpishi wa mtaa wa Tena, amekubali. Hata aproni ako nazo."

Hapo Hikma akatoa unga mwingine. "Lakini huu haujaumuka. Yatatoka mawe."

"Watajuaje?"

Wageni wakakanda pale uani. Bibi mmoja mwenye miwani alikanda kama mtu anayemkaba mwizi. Mwenzake akasukuma kitu chenye umbo la ramani ya nchi isiyojulikana. Ladan, jirani, akachungulia juu ya ua wa mabati.

"Shoga, hao wamefanya kosa gani mpaka wakafungwa na kazi ngumu?"

Hikma alitamani ardhi impasukie aingie. Mahamri yakatoka bapa, meusi ukingoni. Wageni wakayatafuna huku wamefumba macho. Wakapiga makofi. Bibi wa miwani machozi yakamlengalenga, akalifunga lake kwenye kitambaa akawapelekee wajukuu. Yale ya sinia, yaliyofura, yenye iliki, walikula mawili tu, kwa adabu.

Walipoondoka, Hikma akalichukua moja lililobaki kwenye karai, akaling'ata. Ladha ya sabuni ya kipande. Akaling'ata upande wa pili, labda utamu ulijificha huko. Sabuni vilevile.

Keynan akarudi mbio kutoka kuwasindikiza. "Mama, wamenasa! Jumamosi wanaleta wenzao. Leo nilikisia bei tu, sasa sema yako nitangaze kwa simu."

"Bei ya mahamri?"

"Ya kukanda."

"Nitawalipa na nini mimi, Keynan? Na vile wanaharibu unga?"

"Wao wakulipe wewe!"

"Wafanye kazi, walipe, na wanishukuru?"

"Eeh."

Hikma akaketi kwenye mkeka, sinia ya mahamri yaliyofura magotini. Akamtazama Keynan aone kama atacheka. Hakucheka, alikuwa ameshika simu, kidole tayari.

Siku hizi kukanda unga kwa Hikma, mtu mmoja, ni shilingi elfu moja na mia tano.