Neema na Ndama wa Ihanja

Leo mwanafunzi wangu ameniamuru nishike mkia wa ng'ombe, na nimeshika!

Neema anasomea mifugo chuoni kwetu. Yuko fildi, mafunzo ya kazi kwa vitendo, huko Ikungi, na tangu afike kazi yake ilikuwa kuchemsha chai ya ofisi. Wiki iliyopita alinipigia simu akilia, anataka kuacha.

Nikamwambia, "Mwanangu, usisubiri kupewa kazi. Iombe."

Leo nimekwenda kumkagua, nikamkuta anapanda bodaboda na bwana mifugo, wameitwa kijijini Ihanja. Nikawafuata.

Ng'ombe wa mzee mmoja alikuwa ameshindwa kuzaa tangu alfajiri. Mguu wa ndama umejikunja ndani, na mkono wa bwana mifugo ni mnene, haupiti. Akamgeukia Neema.

Mzee akaguna. "Huyu binti?"

"Shikamoo babu," Neema akasema huku anavaa glavu. "Naomba nijaribu."

Nikasogea nimsaidie. Si mimi ndiye mwalimu wake jamani?

Bila hata kunitazama akasema, "Mwalimu, shika mkia."

Nikashika, naye akaingiza mkono. Jasho linamtoka. Akaunyoosha ule mguu taratibu, akavuta, ndama akatoka.

Hapumui!

Neema akamtoa ute puani, akamsugua kifua kwa majani makavu, akasugua tena, mpaka ndama akapiga chafya.

Mzee alicheka huku machozi yanamtoka. "Mwalimu, huyu usirudi naye chuoni. Tuachie."

Nimerudi Singida Mjini nanuka zizi, natabasamu peke yangu kwenye basi.

Wewe nani alikuachia ujaribu mara ya kwanza kazini? Mtaje hapa.