Mfupa wa Ubavuni

Meno yangu yote ya chini yaling'olewa nikiwa bado kijana, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, sikuona haraka ya kutafuta mengine. Lakini kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Kaengesa, kilipoanzishwa, mtu aliyefika sekondari alikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Nikapewa darasa la kisomo cha watu wazima, kazi pekee niliyowahi kuipenda. Ndipo nikaenda hospitali ya misheni, nikatengenezewa meno ya bandia.

Siku ya kwanza, nikiwaongoza kusoma "fa, fe, fi", meno yakaruka yakatua mezani.

"Mwalimu," bibi mmoja wa benchi la mbele akauliza, "na hayo tuyasome?"

Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kufungua darasa, hakucheka. "Ndugu mwalimu, nakupa hadi mavuno. Yakiendelea kuruka, darasa nampa bwana shamba."

Bwana shamba alikuwa kijana wa Mbeya, kinywa kimejaa meno, na alitabasamu kupita mahitaji. Kila asubuhi aliniuliza, "Meno yameamkaje?" Nilianza kushuku kwamba bibi yule alitumwa naye.

Nikarudi kwa daktari, mzungu mpole mno. Akapitisha kidole kwenye ufizi, akasema taya lililokaa miaka bila meno mfupa wake huisha. Meno ya bandia hayana pa kushika. Lakini angeweza kukata kipande cha ubavu wangu na kukipandikiza tayani.

"Kipande kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Mtu anayesema "kidogo" bila kuonyesha kwa vidole simwamini. Na kama taya lilikuwa limekwisha, mbona hakusema siku aliyonitengenezea meno?

Mama aliposikia, mwiko ulisimama ndani ya ugali. "Ubavu? Mungu alipochukua ubavu wa Adamu alimpa mke. Huyo atakupa nini?"

"Ataniletea mke mwenzangu," mke wangu akadakia. "Mwambieni awe anajua kupalilia."

Wao walicheka. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikahesabu mbavu zangu mara mbili, na hesabu hazikulingana.

Lakini darasa nililitaka, nikakubali. Niliagizwa nisitie kitu mdomoni tangu siku moja kabla ya kupasuliwa, na nyumbani nikawaambia wote. Alfajiri ya siku yenyewe nikakuta mama ameshaandaa ugali wa ulezi na maharage. Kwetu mtu haendi safari na tumbo tupu.

"Daktari amekataza, mama."

"Kwa nini anakutaka ukiwa huna nguvu, mwanangu?"

Swali lile lilikuwa langu mwenyewe, ila mama alilisema kwa sauti. Nikala. Nikaomba niongezewe.

Hospitalini muuguzi akauliza kama nimekula.

"Sana," nikajibu, haraka kupita adabu.

Daktari akaeleza kwamba mtu aliyeshiba halazwi kwa dawa ya usingizi. Nirudi mwezi unaofuata. Sikurudi.

Mahindi yalipovunwa, bwana shamba akapewa darasa. Nilikwenda siku moja, nikitumaini atakosea. Hakukosea. Bibi yule akasogea kunipa nafasi kwenye benchi, nami nikakaa, meno yamo mfukoni.

Sijui mpaka leo kama mama, alipopika alfajiri ile, alikuwa amesahau katazo la daktari au alilikumbuka vizuri. Sikumuuliza. Naye hakuwahi kuniuliza kwa nini niliomba kuongezewa.