Mbwa wa Rejaf

Leo shangazi amefungua kopo jipya la mafuta ya kupikia, na harufu yake imenirudisha kambini Uganda, kwenye foleni ya chakula. Nilikuwa mdogo, nimeshika kitenge chake. Kadi yetu ilikuwa na jina la mwanawe, aliyefariki njiani. Mimi sikuwa na kadi, kwa hiyo nikawa yeye. Shangazi alinifundisha kila asubuhi habari za mwanawe, ili karani wa chakula asinigundue.

"Nani alikuuma mguu?"

"Mbwa."

"Wapi?"

"Rejaf, nikimpelekea bibi samaki."

"Sema kwa sauti, wewe! Mbwa hakula ulimi."

Nilirudia mpaka nikahisi meno ya mbwa huyo. Karani aliponiuliza nilijibu, tukapewa mafuta.

Sasa tuko Juba, nami naandika utoto wangu kwenye daftari, polepole, maana shule yangu iliishia ya msingi. Nilikuwa nimeandika: "Mbwa mweusi aliniuma Rejaf, nikalia sana." Nikamsomea shangazi hapo hapo jikoni.

"Mguu wako hauna kovu," alisema. "Huyo si wewe. Futa."

"Sifuti, shangazi." Mimi, ambaye huwa siwajibu wakubwa. "Ile kadi ilishapotea. Nikimfuta na hapa, atabaki wapi?"

Aliosha masufuria yote, kisha akaja kusimama nyuma yangu.

"Mbwa alikuwa mwekundu," alisema. "Na mwanangu hakulia."

Nilikata "mweusi", nikaandika "mwekundu". Halafu nikakata "nikalia sana" na, herufi moja moja, nikaandika: "Sikulia."