Wavu wa Kahawa wa Mama

Mpaka leo naisikia ile sauti: chrrr, chrrr, kama mahindi yanayorukaruka chunguni. Ilikuwa redio ya mjomba Hoza. Ndani ya chrrr ile tulijua kuna watu wanazungumza, ila bonde letu la karibu na Mlola lilizingirwa na milima pande zote, na maneno yalitufikia vipandevipande. Enzi hizo za Mwingereza kaka yangu Athumani alikuwa askari vitani nchi ya Malaya, huko Asia, na kila Jumamosi jioni redio ilisoma salamu za askari kwa ndugu zao. Barua zilikuwa zimekatika. Mama alikaa mbele ya kile kisanduku, ameziba mdomo kwa pindo la kanga, akingoja jina moja tu.

Mjomba alikuwa amepigana Burma kabla ya kuwa fundi baiskeli, na alisema huko aliona mabakuli makubwa ya kunasia sauti za angani. "Na sisi tutatengeneza letu."

"Hoza," mama akamjibu, "banda la kuku tu limekushinda!"

Tulicheka, lakini kesho yake alichimba shimo la mviringo uani liwe kipimo cha umbo la bakuli. Kazi yangu ilikuwa kuachia harage ukingoni. Likikwama njiani, tunakwangua udongo. Likiteremka mpaka katikati, mjomba anapiga makofi. Mbavu zilikuwa za mianzi iliyopindwa motoni. Kilichotusumbua ni cha kuzivika. Kwanza tulitumia madebe yaliyogongwa yakawa bapa, upepo ukalibeba bakuli zima hadi migombani. Kisha tukabandika karatasi ya rangi ya fedha ya masanduku ya chai kwa uji wa muhogo. Lo, ilivyong'aa! Niliona kama tumeushusha mwezi. Ukungu wa asubuhi mbili ukaibandua yote.

"Kinatakiwa kitu cha madini kinachopitisha upepo," mjomba akasema, akaangalia miguu yake. Sote tulijua anaogopa kukitaja. Uani kulikuwa na wavu wa waya wa mama wa kuanikia kahawa, na kahawa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu mitini.

Mama akaenda mwenyewe, akaukung'uta, akamwekea mikononi. "Nitaanika kwenye mkeka."

"Dada, na ikiota ukungu?"

"Kahawa itazaa tena mwakani, Hoza. Kata."

Tukauvika wavu kwenye mbavu, tukaunganisha bakuli na redio kwa waya, na Jumamosi ile majina yalikuja, membamba, lakini majina ya watu. Mama aliitikia kwa kichwa kila moja kana kwamba anapokea mgeni. La Athumani halikuja. Akazima redio taratibu, akaingia jikoni kusonga ugali.

Athumani alirudi salama mwaka uliofuata. Tulipomuuliza habari za salamu, alicheka, akasema aliona haya kusema kwenye kipaza sauti. Siku hizi madishi yamejaa juu ya mapaa ya Lushoto. Fundi anakaza skrubu, anaondoka, wala hakuna anayeuliza limetengenezwa kwa kitu gani. Wajukuu wangu huongea na watu wa ng'ambo huku wakitafuna. Nafurahi nao. Lakini nikiliona dishi, hurudi kwenye jioni ile ya majina, wengine wakiwa jikoni na ukungu ukishuka. Nilitoka peke yangu, nikafuta umande kwenye wavu kwa pindo la gauni, maana niliamini kinachopokea kinaweza pia kupeleka. Nikaingiza uso ndani ya bakuli, nikasema polepole ili asipitwe: "Shikamoo, kaka. Mama yupo, anasikiliza."