Mwalimu Yonasi na Seli Binti

Mwalimu Yonasi alifundisha Baiolojia miaka ishirini na tisa katika sekondari yetu ya kata, huku Itaka, na sidhani kama katika miaka hiyo aliwahi kuamini hata sentensi moja iliyotoka kinywani mwake. Mvi zake nilizistahi. Yeye mwenyewe, hapana.

Mimi nafundisha Kiswahili darasa la jirani, na ukuta unaotutenganisha haufiki kwenye dari, kwa hiyo mgawanyiko wa seli naujua kuliko wanafunzi wake. Kila mwaka alichomoa kamba za viatu vyake mbele ya darasa akaziita kromosomu. Alipaswa kufundisha kwa Kiingereza, lakini Kiingereza chake kilichoka mapema, akahamia Kiswahili.

"Mkigawana mkate, kila mmoja anapata pungufu," alisema kwa sauti ya mhubiri. "Seli haina ujinga huo. Kwanza inanakili kila kromosomu, zinakuwa pacha. Pacha hao wanajipanga katikati. Nyuzi zinamvuta mmoja huku, mwenzake kule. Halafu seli inabanwa kiunoni mpaka zinakuwa mbili. Hizo mbili zinaitwaje?"

"Seli binti," darasa lilijibu.

"Na kila binti ana nini?"

"Kila kitu cha mama."

Hapo alipiga meza kwa furaha, utadhani yeye ndiye aliyeziumba.

Ana watoto watatu. Ezron anatoa mizigo mpakani Tunduma, Jairo anauza makava ya simu Chapwa. Wote wawili kahawa wanaijua ikiwa kwenye kikombe. Mkubwa wao ni Fortunata. Ndoa yake ilivunjika huko Kamsamba, akarudi na watoto wawili miaka minane iliyopita, akakuta shamba la baba limemezwa na magugu. Alipogoa mibuni mizee, akapanda miche mipya mia nne, akaimwagilia kwa ndoo mpaka ikashika. Leo shamba hilo ndilo linalomlisha yeye na wanawe, pamoja na huyo mwalimu. Fortunata hana kingine.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Mwalimu Yonasi akaniita niandike muhtasari wa kikao cha familia, ati mwandiko wangu ni mzuri. Nilikwenda, kwa umbea zaidi kuliko wema. Tulikaa sebuleni. Akatangaza kwamba anagawa shamba angali hai: upande wa juu wa Jairo, upande wa bondeni wa Ezron. Alishapima kwa futi kamba, hakuna aliyezidi hata hatua moja.

Fortunata alikuwa amesimama na sinia la chai. "Baba, na mimi?"

"Wewe, mwanangu, ulishaolewa. Ukiolewa tena, kahawa yetu itahamia ukoo wa watu. Wadogo zako watakuachia pa kulima mahindi."

"Ile miche mia nne niliipanda mimi, baba."

"Ndiyo, na tunashukuru sana."

Wadogo zake wakatazama viatu vyao. Nami nikashindwa kunyamaza. "Mwalimu," nikasema, "hivi seli ikigawanyika, zile mbili zinaitwaje?"

Akanitabasamia kana kwamba mimi ni mtoto wa kidato cha kwanza. "Madam Ketrina, hilo ni jina la kitabuni tu. Wewe andika."

Kinyozi hajinyoi, najua, lakini huyu alikuwa na wembe mkononi na kioo mbele yake. Nikaandika. Jairo akasaini bila kusoma. Ezron akauliza kwanza upande wa bondeni ni upi, ndipo naye akasaini. Mzee akavaa miwani, akapitia muhtasari wangu mstari kwa mstari, akaongeza mkato mmoja niliousahau, akaridhika.

"Umeona, Madam? Sawa kwa sawa."

Nilimdharau mzee huyo. Nikamdharau Jairo, nikamdharau na Ezron, na nilijiona ndiye mtu pekee mwenye akili mle ndani.

Fortunata akaweka sinia chini, akaniomba kalamu. Nilidhani anataka kufuta, nikampa kwa hamu. Hakufuta kitu. Akapanda na kidole hadi juu ya ukurasa, kwenye orodha ya waliohudhuria, ambako nilikuwa nimeandika majina manne: la baba, ya wanawe wawili, na langu. Chini yake akaandika namba tano, kisha jina lake.

"Nilikuwepo tangu mwanzo, Madam," akasema, akanirudishia kalamu.